Muulize Shangazi wa Kerneli: Jaribio linapita hata waya ukikatwa

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia sehemu moja: folda ya tools/testing/selftests/net ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, yaani yale majaribio yanayoangalia kama mtu aliyegusa msimbo wa mtandao hajavunja kilichokuwa kinafanya kazi. Sijui mmeambizana? Haya, tuanze. Aliyeuliza bei ya ruta Kariakoo avute subira hadi toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi mtandao, naishi Sinza. Tangu mwaka jana nimekuwa nikituma viraka vidogo (mabadiliko ya msimbo) kwenye majaribio ya mtandao ya kerneli. Sasa mwenzangu ameandika jaribio jipya la bash na kaniomba nilipitie. Linatengeneza netns mbili (mitandao iliyotengwa ndani ya mashine moja), linaziunganisha kwa veth (waya pepe), linapiga ping ya IPv6 kuhakikisha njia ipo, halafu linaweka kanuni ya nft, ile programu ya kuchuja pakiti, ya kuzuia ping na kuhakikisha kwamba sasa haipiti. Nimeliendesha kwangu, limepita lote. Nimelisoma juu hadi chini, sioni kosa. Je, niandike Reviewed-by (ile alama kwamba nimekikagua kiraka) niendelee na mambo mengine? Kiini chake ni hiki:

    check_ping() {
        local out=$(ip netns exec ns1 ping -6 -c 1 -W 1 2001:db8::2)
        [ $? -eq 0 ] && echo "ok 1" || ret=1
    }
    check_ping
    ip netns exec ns2 nft add rule ip6 t input meta l4proto icmpv6 drop
    ip netns exec ns1 ping -6 -c 1 -W 1 2001:db8::2 && ret=1 || echo "ok 2"

*Kijana wa Sinza Kumekucha*

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Kalamu weka chini kwanza, hiyo Reviewed-by bado.

Jaribio ambalo sijaliona likifeli mimi silipitishi, hata liandikwe na nani. Kwa hiyo barua yako ilipofika nililiandika hilo jaribio kwenye kompyuta yangu hapa Tabata, kisha nikafuta mstari mmoja wa maandalizi, ule wa ip -n ns2 link set veth1 up. Maana yake ncha ya pili ya waya imezimwa. Hakuna pakiti itakayovuka hata kwa dawa. Nikaliendesha. Likachapisha ok 1, likachapisha ok 2, likarudisha sifuri. Salama salimini, na mtandao hakuna!

Sasa tazama mstari wenye local out=$(...). Kwenye bash, local nayo ni amri, na kila amri ikimaliza inarudisha namba yake: 0 ikifaulu, nyingine ikifeli. Ping imefeli ndani ya mabano na kurudisha namba isiyo 0. Lakini local imefaulu kutengeneza kigeu, ikarudisha 0, na hiyo 0 ndiyo inayosomwa na $? mstari unaofuata. Namba ya ping imeshapotea njiani. Hata ungeandika "changu" au "kibua" mahali pa ping, ok 1 ingetoka tu. Rekebisho ni dogo: local out iwe mstari wake peke yake, na out=$(...) ufuate chini yake. Programu ya shellcheck inalijua kosa hili na inatoa onyo namba SC2155, kwa hiyo mwambie mwenzako awe anaipitisha skripti yake huko kabla ya kutuma. Lakini na wewe mpitiaji ulijue kwa jicho, maana ni kosa lililozoeleka mno kwenye majaribio ya bash na linapendeza machoni. Mstari umekaa vizuri, umefupishwa, nani ataushuku?

Twende ok 2. Hapa jaribio linafurahi ping ikifeli. Lakini ping ina sababu chungu nzima za kufeli: anwani imekosewa, veth imezimwa, njia haipo, ping yenyewe haijawekwa kwenye mashine. Jaribio haliulizi ni sababu ipi. Na kwa kuwa ok 1 ilikuwa inadanganya, hakuna mahali popote panapothibitisha kwamba kabla ya ile kanuni pakiti zilikuwa zinafika. Jaribio la kuzuia kitu linahitaji pande tatu: ping ipite, weka kanuni ping izuiwe, ondoa kanuni ping ipite tena. Ule upande wa tatu watu wengi wanauruka kwa uvivu, na ndio unaokuhakikishia kwamba kilichozuia ni kanuni na si kitu kingine kilichokufa katikati.

Na kanuni yenyewe haijakaa sawa. meta l4proto icmpv6 drop inatupa ICMPv6 yote (ujumbe wa udhibiti wa IPv6), si ping peke yake. Kwenye IPv6 ule utaratibu wa kumtafuta jirani, wa kuuliza "nani mwenye anwani hii, nipe MAC yako, anwani ya kadi yako ya mtandao", unasafiri kwa ICMPv6 hiyohiyo, ujumbe aina ya 135 na jibu lake 136. Kwa hiyo kama ns1 haina MAC ya ns2 kwenye jedwali lake la majirani, swali lake linatupwa mlangoni, jibu halirudi, na ile echo-request, yaani pakiti ya ping yenyewe, haiondoki kabisa nyumbani. Ping imefeli, ok 2 imechapishwa, na pakiti uliyotaka kuipima haijawahi kuwepo. Leo jaribio linaweza kuponea kwa sababu ping ya kwanza iliacha MAC kwenye jedwali. Kesho mtu anapanga upya mistari, kinga hiyo inaondoka, na hakuna atakayejua, kwa kuwa matokeo bado ni ok.

Mwombe aandike icmpv6 type echo-request counter drop. Neno la thamani hapo ni counter. Baada ya ping, jaribio lisome nft list ruleset ndani ya ns2, na likute hivi:

    icmpv6 type echo-request counter packets 1 bytes 104 drop

Pakiti moja, baiti 104: baiti 40 za kichwa cha IPv6, 8 za kichwa cha ICMPv6, na 56 za data ambazo ping inaweka usipoiambia vingine. Hapo huna tena haja ya kukisia. Pakiti ilitoka, ilifika, ilitupwa, na aliyeitupa ametia saini.

Mengine nayataja mbiombio. Majina ns1 na ns2 yatagongana na jaribio lingine linaloendeshwa wakati huohuo. Atumie setup_ns iliyomo kwenye lib.sh (faili la zana za pamoja la folda hiyo), inaongeza herufi za nasibu kwenye jina. Usafishaji uwekwe kwenye trap ... EXIT, inayoendeshwa skripti inapotoka, ili hata jaribio likifia katikati lisiache uchafu. Faili jipya liongezwe kwenye TEST_PROGS, orodha ya majaribio iliyomo kwenye Makefile, na lipewe ruhusa ya kuendeshwa. Jaribio lisilotajwa humo hakuna mashine itakayoligusa, litakaa kwenye kerneli miaka likiwa pambo. Na kila chaguo la CONFIG_ (la kujengea kerneli) linalohitajika liwe kwenye faili la config la folda hiyo.

Kama jaribio limeletwa pamoja na rekebisho la kerneli yenyewe, basi una kazi moja zaidi: toa lile rekebisho kwa git revert, jenga kerneli, endesha. Lazima lifeli. Lisipofeli, mrudishie na umweleze ulichofanya. Ukishayaona hayo yote, andika Reviewed-by yako ulale.

SWALI: Habari za kazi Shangazi. Jaribio langu lina sleep 2 baada ya kuweka anwani za IPv6. Kwangu halijawahi kufeli. Nimelituma, mashine za majaribio upande wa kerneli leo zinasema limepita, kesho zinasema limefeli, na aliyelipitia anataka niiondoe sleep. Nikiweka sleep 5 si yataisha?

*Fundi Mtandao, Mbagala Rangi Tatu*

SHANGAZI: Nzuri, baba. Yataisha, ndiyo, mpaka mashine izidiwe kidogo, halafu utaniandikia tena uniulize kuhusu sleep 10.

Ukiweka anwani ya IPv6 kwenye veth haitumiki papo hapo. Kerneli kwanza inauliza kwenye waya kama kuna mwingine mwenye anwani hiyo, na wakati inasubiri, anwani inasomeka tentative ukiitazama kwa ip addr. RFC 4862, waraka wa kanuni za mtandao wa mwaka 2007, ndiyo iliyopanga hayo: kabla ya kuuliza kuna kuchelewa kwa nasibu hadi sekunde 1, kisha sekunde 1 ya kusubiri mwenye pingamizi. Jumlisha mwenyewe. Sekunde zako 2 ziko ukingoni kabisa. Ile nasibu ikitoka ndefu na mashine ikawa nzito, umefeli.

Na mashine zile ni nzito kweli. Baadhi zinaendesha kerneli iliyojengwa na vikaguzi kama KASAN na lockdep, ambavyo vinachungulia kila kipande cha kumbukumbu na kila kufuli, kwa hiyo kila kitu kinaburuta miguu. Kompyuta yako ya Mbagala haina mzigo huo, ndiyo maana haijawahi kukusuta.

Anayesubiri pantoni pale Magogoni hahesabu dakika kumi kisha akaanza kutembea kuelekea majini. Anatazama kama pantoni imetia nanga na geti limefunguliwa. Jaribio lako nalo litazame. lib.sh ina busywait na slowwait: unazipa muda wa juu wa kusubiri na sharti la kuangalia, zinarudia kuangalia mpaka sharti litimie au muda uishe. Kama unasubiri seva ianze kusikiliza, kuna wait_local_port_listen. Faida yake ni mbili kwa mpigo: kwenye mashine ya haraka jaribio linamalizika haraka, kwenye mashine ya polepole linavumilia. Ukumbuke pia kwamba kselftest, mfumo wa kuendesha majaribio ya kerneli, ina kikomo cha sekunde 45 kwa kila jaribio kama folda haijaweka kingine kwenye faili lake la settings, na sleep zako zote zinakula ndani ya kikomo hicho kilichopo.

Kwa tatizo lako hasa, hata kusubiri hakuhitajiki. Ndani ya netns mbili ulizoziumba mwenyewe hakuna mgeni wa kugombea anwani. Ongeza neno nodad mwisho wa ip addr add na anwani itakuwa tayari muda huohuo.

Sleep naikubali mahali pamoja tu, pale unapothibitisha kwamba kitu *hakitokei*. Huwezi kusubiri sharti la kitu kutotokea. Lazima uweke muda, ukae, uangalie. Hapo weka, ila andika mstari wa maelezo kwamba ni kwa nini, kabla mpitiaji wa aina yangu hajakushukia.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa chuo, Kijitonyama, nasoma kompyuta. Nimeona kosa kwenye kiraka cha mtu mzito wa kampuni kubwa ya nje. Jaribio lake likikosa programu ya nft kwenye mashine linatoka na 0. Nadhani si sawa. Lakini mimi ni nani nimsahihishe? Kiingereza changu ni cha kuungaunga, na yale majibizano ya barua pepe yanasomwa dunia nzima. Nikikosea nitachekwa hadi huku chuoni.

*Mwenye Aibu*

SHANGAZI: Marahaba binti yangu. Kwanza hukukosea. Katika kselftest 0 maana yake limepita, 1 limefeli, na 4 limerukwa. Hiyo 4 ina jina lake, KSFT_SKIP, usimwandikie namba tupu. Jaribio linalokosa nft na kutoka na 0 linasema "nimepima, pako sawa" wakati halijapima chochote. Mashine inaweza kukaa miezi bila nft, ubao wote kijani, na sehemu nzima ya kerneli haina mlinzi. Hilo si jambo dogo la kunong'ona pembeni.

Kuhusu wewe ni nani: waraka wa wasimamizi wa mtandao, uliomo ndani ya kerneli yenyewe, unahimiza watu wapitie viraka vya wenzao bila kujali kiwango cha ujuzi. Wasimamizi walioandikwa kwenye faili la MAINTAINERS, kina Jakub Kicinski na Paolo Abeni, wanapokea viraka vingi kuliko macho waliyonayo. Kila jicho la ziada linahesabika, liwe la California au la Kijitonyama.

Sisi tumelelewa kwamba mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu. Malezi hayo nayapenda, na sitaki uyaache. Lakini kwenye kazi hii heshima inaonekana kwa kumsomea mtu kiraka chake mpaka mstari wa mwisho na kukiendesha. Anayemvunjia heshima ni yule anayeandika Reviewed-by bila kufungua faili, ili jina lake lionekane. Ile alama ina masharti yaliyoandikwa: unatamka kwamba umefanya ukaguzi wa kitaalamu, kwamba uliyoyaona umemwambia mwandishi, na kwamba kwa ujuzi wako kiraka kinafaa kuingia. Huapi kwamba hakina kosa kabisa. Kama umekiendesha tu na hukufuatilia msimbo, kuna Tested-by, nayo ni kazi halali, wala usiione duni.

Kiingereza cha kuungaunga kinatosha, mradi useme mambo matatu: uliendesha nini, kwenye kerneli ipi, ikatokea nini. "Nimeondoa nft kwenye mashine, nimeendesha jaribio lako, limetoka na 0, lisingetakiwa kutoka na KSFT_SKIP?" Liweke kama swali. Swali lina adabu katika lugha zote, na likiwa na matokeo ndani yake hakuna wa kulicheka. Nukuu ule mstari unaohusika, jibu lako liwe chini yake, sio juu kule kwenye salamu.

Fanya leo. Viraka vya mtandao kwa kawaida vinashughulikiwa ndani ya saa 48, na ukingoja ujasiri ukomae utakuta kimeshaingia. Usishangae pia asipotuma toleo jipya jioni hiyohiyo. Kanuni yao ni kuacha saa 24 zipite kabla ya kurudisha kiraka, ili na wengine wapate nafasi ya kusoma.

Na usianze tabia ya wale mabingwa wa nafasi na mabano. Mtu kaleta jaribio la mistari mia mbili, mpitiaji anaona herufi moja iliyokosewa kwenye maelezo na kuondoka. checkpatch.pl, skripti ya kerneli ya kukagua mtindo wa viraka, inaliona hilo bila kuchoka. Wewe tafuta lile ambalo mashine hailioni, kama hilo uliloliona.

Akikujibu vibaya, ambalo hutokea mara chache kuliko unavyodhani, niletee jibu lake tulisome wote.

SWALI: Shangazi nisaidie haraka. Nilikuwa napitia kiraka cha jaribio, nikataka kuona linafanyaje, nikaliendesha kama root kwenye seva ya ofisi. Mtandao wa ofisi nzima umekatika na bosi ananitafuta. Nilikosea wapi?

*Nimejificha, Kariakoo*

SHANGAZI: Kwenye neno "seva ya ofisi".

Bila shaka skripti ina amri ya ip, ya iptables -F au ya sysctl -w ambayo haiko ndani ya netns. Mwandishi alisahau -n au ip netns exec, na amri ikafanya kazi kwenye mashine halisi. Tafuta mstari huo, maana ndio maoni yako ya kwanza kwenye ukaguzi, na una ushahidi ambao hakuna mpitiaji mwingine anao.

Siku nyingine tumia virtme-ng. Ukiwa ndani ya folda ya kerneli, jenga kwa vng --build --config tools/testing/selftests/net/config, kisha vng -v --run . --user root na njia ya jaribio baada ya vistari viwili. Inawasha kerneli yako ndani ya mashine pepe. Jaribio likivuruga humo ndani limejivuruga lenyewe.

Kwa sasa: mabadiliko ya ip na ya sysctl -w hayaandikwi kwenye diski, na kanuni za iptables hupakiwa upya na mfumo kama zilihifadhiwa. Nenda kaiwashe seva upya kwa mkono. Bosi mweleze ilivyokuwa, ila jina langu usilitaje.